Sekunde Sabini na Moja

Mimi ni mbeba piano. Miaka ishirini na sita
nimepandisha muziki wa watu ghorofani
kwa mikanda miwili na bega la kushoto,
na hakuna hata mmoja aliyenipigia wimbo.

Gdynia, karibu na bandari, ghorofa ya nne,
Februari, ngazi zimelowa theluji ya viatu,
kitu kililia chini ya mshipi wangu,
ta! kama uzi mnene wa piano unapokatika.
Tangu siku ile mwili huu una mwenyewe mwingine.
Maumivu ndiyo mwenye nyumba, mimi mpangaji:
naomba ruhusa kukaa, naomba ruhusa kuinuka.
Bronka ananifunga kamba za viatu
kama mtoto wa chekechea, wala hacheki.
Heri angecheka.

Vidonge. Sindano. Mkanda wa manyoya ya mbwa
aliousuka shangazi. Vikombe vya kuumika
vilivyoniachia mgongo wa chui, na chui yumo bado.

Kisha Halszka wa ghorofa ya chini,
aliyezamia miaka thelathini akikwangua makombe
kwenye matumbo ya meli,
akanikuta nimeshika ukuta kama mlevi.
"Unabana pumzi," akasema.
"Ninabeba," nikasema.
"Unabeba nini? Una mkate tu."

Nikautazama mkono. Mkate mmoja, mweusi, nusu kilo.

Alinilaza jikoni kwake, sakafuni,
miguu juu ya kiti, saa ya jiko ikihesabu.
Vuta. Shusha. Vuta kidogo. Funga mlango.
Sekunde kumi na tisa, nikaibuka natweta
kama mtu aliyeokolewa kwenye kijiko cha maji.
"Hapa hapa, pakavu," alinionya.
"Majini peke yako, hata beseni la kuogea, kamwe.
Nina marafiki wawili waliobaki huko."

Wiki ya tatu, sekunde ya arobaini,
kiwambo kikanipiga teke kutoka ndani,
mbuzi aliyefungiwa. Mwili wote ukaitika,
taya, makalio, ngumi, na pale pale, chini ya mshipi,
yule mwenye nyumba akagonga dari kwa ufagio.
"Umemsikia?" Halszka hakunigusa.
"Leo hujanyanyua kitu, na bado amekuja.
Amekuja kwa hofu. Acha teke lipite.
Legeza ulimi kwanza."

Ulimi! Nani angejua
ulimi una kamba inayofika hadi nyongani.

Nikamkumbuka baba, siku yangu ya kwanza kazini,
nina miaka kumi na sita, piano nyeusi ya mjane mmoja:
"Jaza kifua, fumba, nyanyua. Usipumue hadi juu."
Juu ni wapi, hakuniambia.
Nadhani alikufa angali ameibana ile pumzi,
na mimi nikaendelea kupanda.

Hamsini. Sitini. Mateke mawili, matatu,
nayahesabu kama malori ya barabarani,
si yangu, yanakwenda zake.
Ndani kukawa kimya, kimya cha piano
iliyofunikwa blanketi gizani, ndani ya lori,
nyuzi mia mbili na ushei zimekazwa
na hakuna anayezigusa.
Sabini na moja.
Nikaachia, bila kishindo,
na hewa ikaingia kama mgeni aliyepiga hodi.

Sisemi nimepona. Anayesema hivyo anauza kitu.
Asubuhi za baridi bado tunagombana,
ila sasa yeye ndiye mpangaji,
na kodi ananilipa kwa kuchelewa.
Jumanne nilifunga kamba za kiatu cha kulia.
Cha kushoto alikifunga Bronka, kwa mazoea,
huku akilalamikia bei ya siagi.

Usiku ndipo penye taabu. Nalala chali nahesabu,
kifua kimetulia kama meza,
naye anazinduka, anatia kiganja mbavuni mwangu,
cha baridi, chenye harufu ya vitunguu.
"Wit. Wit! Unapumua?"
Nami siwezi kumjibu.
Niko sekunde ya hamsini na nane.